Amplifaya Isiyouzwa: Je, Kuna Kitu Mkristo Asichopaswa Kukiuza?



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja swali linaloonekana dogo, lakini ukilichimba utakuta lina mizizi mirefu. Waulizeni wapiga gitaa wa kwaya zetu: ni chombo gani hutakiuza hata ukipewa bei nzuri? Wengi hawatataja gitaa. Watataja amplifaya, ile ambayo sisi tuliotoka Kongo tunaiita ampli. Ukienda kuitazama utakuta ni sanduku kuukuu, kitambaa cha mbele kimechanika, linanguruma hata kabla waya haujachomekwa. Lakini mwenyewe atakwambia, "Hii siuzi." Je, neno hilo linafaa katika kinywa cha Mkristo? Ni upendo, au ni kuabudu kitu?

Kwa nini hawaiuzi

Tuanze kwa kuelewa. Gitaa la umeme peke yake ni karibu bubu. Sumaku zilizo chini ya nyuzi hugeuza mtetemo kuwa umeme mdogo sana, na amplifaya ndiyo inayoukuza umeme huo mpaka uweze kusukuma spika. Kwa hiyo amplifaya ni nusu ya chombo chenyewe. Zile za zamani za Fender, Vox na Marshall, za miaka ya 1950 na 1960, hutumia vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu ndogo, vinavyoitwa vali. Ukipiga taratibu, sauti ni safi. Ukiongeza nguvu, sauti inakwaruza kama ya mhubiri aliyehubiri mkesha mzima. Vipuri vyake havilingani kabisa, na kila kimoja huzeeka kwa namna yake, ndiyo maana amplifaya mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuwa na sauti tofauti. Mpigaji akishaizoea yake, mkono wake unajua ikaze wapi na ilegee wapi. Akiiuza, hata akipata mpya ya bei kubwa, anaanza upya.

Thamani hiyo haionekani sokoni. Kundi la Queen la Uingereza halikuimba nyimbo za injili, lakini lina jambo la kutufundisha. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Nao walijua maana ya kuacha nyumba nyuma. Mpiga besi wao, John Deacon, alikuwa amesomea elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota kwenye takataka mjini London kibao cha saketi chenye waya zinazoning'inia. Akakitia ndani ya sanduku la spika ya zamani, akakiwasha kwa betri ya volti 9. Haikuwa hata na kitufe cha kuongeza sauti. Baadaye mafundi walifuatilia wakaona kibao kile kinafanana na cha redio ndogo ya Supersonic, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. Mpiga gitaa wao, Brian May, aliipenda sauti ile akaitumia kurekodi kwa miaka mingi. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni takataka. Kwa mwenyewe haina bei.

Na kwetu Kongo, kundi la Konono No. 1 la Kinshasa lilitengeneza maikrofoni zake kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti yao ya kukwaruza ikasikika duniani kote baada ya albamu yao ya mwaka 2004. Hapa kambini pia tunazo: redio iliyogeuzwa kuwa amplifaya, spika ndani ya sanduku la mbao, betri ya gari inayochajiwa kwa sola. Basi tusimcheke anayesema hauzi.

Uhai ni zaidi ya chombo

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1949 mwanamuziki wa Marekani, B.B. King, alikuwa akipiga katika ukumbi wa kijiji cha Twist, jimbo la Arkansas. Kulikuwa na baridi, na watu walikuwa wakiota moto wa mafuta ya taa uliowashwa ndani ya pipa. Wanaume wawili walipigana kwa ajili ya mwanamke, pipa likapinduka, ukumbi ukashika moto. King alikimbia nje pamoja na wengine, kisha akakumbuka gitaa lake, akarudi ndani ya moto kulichukua. Nusura afe. Watu wawili walikufa katika moto ule. Kesho yake alisikia kwamba mwanamke aliyegombaniwa aliitwa Lucille, naye akalipa gitaa lake jina hilo, ili akumbuke asifanye tena jambo kama lile.

Sisi tuliokimbia vita hatuhitaji kufundishwa somo hilo. Tunajua nani alitupa mzigo ili ambebe mtoto. Chombo hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Maandiko yanasema nini

Anayesema "uza" ana Maandiko. Yesu alimwambia yule tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Barnaba aliuza shamba lake akaleta fedha miguuni pa mitume. Lakini anayesema "siuzi" naye anayo. Nabothi alimkatalia hata mfalme Ahabu, kwa kuwa shamba lile la mizabibu lilikuwa urithi wa baba zake. Aliona halikuwa lake peke yake. Amelipokea kwa waliomtangulia, na atawaachia watakaokuja.

Kwa hiyo Biblia haisemi uza kila kitu, wala haisemi shikilia kila kitu. Inatuuliza: kitu hiki kinamtumikia nani? Amplifaya iliyofungiwa chumbani, kijana haruhusiwi kuigusa, hata isipouzwa imeshakuwa sanamu. Lakini ile inayopiga Jumapili, ikapiga msibani na harusini, na watoto wakajifunzia, mwenye nayo amesimama mahali pa Nabothi. Akisema "siuzi" anatunza ahadi yake kwa watu.

Chungu cha Yakobo

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Posho imepunguzwa. Mtoto anaumwa, na nauli ya kwenda hospitali haipo. Mchuuzi anakuja na noti mkononi, anataja bei ambayo hata robo ya thamani haifiki. Mpiga gitaa afanye nini? Tunajibu bila kusitasita: mtoto kwanza. Kupitia nabii Amosi, Mungu alizikataa nyimbo na vinanda vya watu wasiotenda haki. Hawezi kupendezwa na gitaa lililopigwa juu ya kitanda cha mtoto aliyekosa dawa.

Lakini tusiishie hapo. Katika mahubiri mengi Esau hulaumiwa kwa kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, na ni kweli aliidharau. Lakini tumtazame na Yakobo. Ndugu yake ametoka porini amechoka, ana njaa. Yakobo ana chungu kimejaa. Badala ya kupakua, akafungua soko.

Torati inaijua hatari hiyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana anayechukua jiwe hilo amechukua uhai wa mtu. Na Walawi sura ya 25 inasema ndugu akiwa maskini akauza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu aje aikomboe. Mungu hakumwachia maskini peke yake swali la kuuza au kutouza. Aliwauliza majirani zake.

Basi wapendwa, tunaona kwamba swali la amplifaya tuligeuze. Tusiulize tu, "Je, ndugu yule alifanya vema kuuza?" Tuulize, "Alipofikia kuuza, sisi tulikuwa wapi, na chungu cha nani kilikuwa jikoni?" Na hili si la wapiga gitaa tu. Fundi ana cherehani, seremala ana msumeno, kijana ana baiskeli ya kubebea mizigo, mama ana sufuria kubwa ya kupikia maandazi. Haya ndiyo mawe ya kusagia ya siku zetu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtu asiuze chombo chake cha kazi au cha ibada kabla ya kuwaambia mashemasi, nao wasikie kwa siri, bila kumwaibisha. Pili, anayemkopesha mwenzake asichukue chombo hicho kuwa dhamana. Tatu, ikibidi kuuzwa, kwaya au majirani wapewe nafasi ya kwanza, na mwenyewe aruhusiwe kukikomboa kwa bei ileile atakapoinuka. Vilevile anayetarajia kupelekwa nchi ya tatu akubaliane na kwaya mapema kitakachobaki na kitakachosafiri, ili siku ya basi isiwe siku ya ugomvi.

Mtasema kanisa letu halina fedha. Ni kweli, hata sanduku la sadaka tunalijua. Lakini nyumba kumi zikitoa kikombe kimoja kimoja cha unga, mchuuzi atarudi na noti zake. Haba na haba hujaza kibaba. Jumapili mtakaposikia sanduku lile kuukuu likinguruma kabla ya wimbo wa kwanza, mjue kuna mtu aliyekataa kuliuza, na labda kuna jirani aliyemsaidia asilazimike.

Mungu awabariki.