Chozi, Kereng'ende na Mgeni wa Mbali

Hayati Wangari Maathai alipenda kusimulia kisa cha msitu unaoungua. Wanyama wakubwa wamesimama, wameduwaa. Ndege mmoja mdogo huenda mtoni na kurudi, tone moja la maji mdomoni kila safari. Ndege huyo ni wa jamii ya wavumaji, nao hawapatikani ila katika mabara ya Amerika. Mfasiri amwiteje?

Wengi wetu tungeandika chozi. Katika vichaka vilivyo kati ya mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa, chozi dume humetameta mithili ya shaba iliyosuguliwa, na mdomo wake uliopinda hunyonya utamu wa maua. Kwa sura wanafanana mno. Kwa nasaba, la: chozi yu karibu zaidi na shomoro, mvumaji yu karibu na teleka, na kila mmoja aliupata mdomo mrefu kwa njia yake, akilifuata ua. Tena mvumaji hula akining'inia hewani, ilhali chozi aghalabu hushika tawi kwanza. Kwa tendo hilo amkaribiaye mvumaji ni kereng'ende, yule mwembamba akunjaye mabawa mgongoni atuapo: mabawa manne, kila moja likiweza kwenda kivyake, naye husimama hewani juu ya dimbwi. Utoto wake wote ni wa majini. Angestahili kubeba tone kuliko ndege yeyote. (Aidha ana mizani nne, nusu kamili ya kipande cha nane, jambo ambalo mtunzi halidharau.)

Basi ukweli wa tafsiri u katika sura, tendo, au nasaba? Swali si la kamusi tu. Mwaka 1946 wakaguzi wa mradi wa karanga wa Waingereza waliitazama nchi hii kwa majuma machache, sehemu kubwa wakiwa angani, wakaihukumu kwa sura yake. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, Nachingwea ikiwamo, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara nayo iling'olewa baadaye.

Kwangu mimi, chozi ndiye. Wala si kwa ajili ya mdomo wake. Kiangazi kikifika mashamba huchomwa, na mara nyingine moto huruka mpaka. Msomaji wa Ruangwa haambiwi moto ni nini. Na jina lenyewe, kwa Kiswahili, ni tone la maji ya jichoni, bahati ambayo Kiingereza hakina. Lakini nikilikuta neno hilo hilo limewekwa badala ya mvumaji katika kitabu cha elimu ya viumbe, nitalikata kwa wino mwekundu.