Je, Asiye na la Kuficha Hana Siri?

Kuna neno moja lililoenea siku hizi katika vinywa vya watu wetu. Mtu akionywa kwamba simu yake yaandika aendako, anunuacho na atafutacho, hujibu: "Na iandike, mimi sina la kuficha." Twapenda kulipima neno hili, kwani twaona limebeba makosa mawili makubwa.

Kwanza yafaa ifahamike biashara yenyewe ilivyo. Facebook na Google hawatutozi kitu kwa nyingi katika huduma watupazo. Mapato yao makubwa hutoka kwa wenye matangazo. Mwenye bidhaa hulipa ili tangazo lake limfikie yule adhaniwaye kuwa atanunua, na ili mtu huyo ajulikane, hapana budi khabari zake zikusanywe: umri wake, mahali alipo, yampendezayo na yamsumbuayo. Mja mzito atafutaye kitanda cha mtoto aweza kuletewa matangazo ya nguo za kitoto kabla hajawaambia jamaa zake.

Kosa la kwanza la neno lile ni kudhani kuwa siri ni uovu tu. Twafunga milango yetu usiku, na ndani hamna wizi. Twapiga hodi hata kwa ndugu zetu wa damu, na tusipojibiwa twarudi. Wala mwenye nyumba haulizwi ana aibu gani hata akafunga mlango. Mnamo Novemba 2020 ilitangazwa kwamba Muslim Pro, programu ionyeshayo nyakati za sala na kibla, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode khabari za mahali walipo waitumiao, na X-Mode ilikuwa ikiwauzia khabari za namna hiyo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kuvunja uhusiano na kampuni ile. Kutafuta kibla si jambo la kufichwa. Lakini ni nani katika watu wale aliyeridhia yaliyotendeka?

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kudhani kuwa siri ile ni yako peke yako. Ndani ya simu yako mna majina na nambari za mama yako, jirani yako na mteja wako. Hao hawakukufanya wakili wao. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba watu wapatao 270,000 walikuwa wametumia programu moja ya maswali katika Facebook. Na kwa kuwa iliweza kuchota khabari za rafiki zao pia, Facebook yenyewe ilikadiria kuwa waliochukuliwa khabari walifika hadi milioni 87. Khabari hizo ziliishia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi za uchaguzi. Na hapa kwetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine na kuwapelekea wenyewe vitisho.

Huenda tukaambiwa: "Lakini mtu alibonyeza, akakubali." Jawabu letu ni kwamba hapana ridhaa pasipo kufahamu. Mkataba wa kurasa nyingi, kwa lugha ya mawakili, haumfahamishi mtu kitu. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa iwe ya hiari na ya kujua. Na aliyefahamu vyema aweza kuridhia lililo lake; la mwenziwe hana mamlaka nalo.

Hatusemi simu zitupwe, kwani manufaa yake hayakaniki. Twasema kwamba programu ikiomba majina yaliyomo katika simu, au mahali ulipo, ilhali kazi yake haihitaji hayo, inyimwe. Simu yampa mwenyewe uwezo huo. Na aliyedhulumiwa apeleke malalamiko yake kwa Kamishna, asinyamaze. Jirani aliyekupa nambari yake amekuwekea amana, kama aliyekuwekea fedha. Hata kama wewe huna la kuficha, yeye analo, na hukuruhusiwa kuligawa.