Chafya ya Jua na Neno la Mwenye Mwili

Mtu anatoka mchana katika nyumba ya Mji Mkongwe, nyumba ya kuta nene na ukumbi wa kiza. Anafungua mlango, jua linampiga usoni. Anakunja uso, pua inamnyea, anapiga chafya mbili tatu mfululizo, kisha basi. Akiendelea kutembea juani hazirudi. Hana mafua, wala hakuna jirani anayekaanga pilipili. Ukimuuliza, atakwambia ni jua. Na watakaomcheka ni wengi, kwa kuwa wao wametoka mlango ule ule, wakapigwa na jua lile lile, na pua zao zikatulia. Hapo linazuka swali lililo kubwa kuliko chafya yenyewe: mtu akinieleza hisia ambayo mimi sina, na ambayo sina njia ya kuionja, neno lake nilipe uzito gani? Naona kwamba kuhusu kinachompata, yeye ndiye shahidi wa kwanza na anastahili kuaminiwa; kuhusu kwa nini kinampata, yeye ni mkisiaji kama sisi wengine. Mambo haya mawili tunayachanganya kila siku, na katika kuyachanganya tunadhulumu watu.

Historia ya chafya ya jua inalithibitisha hilo vizuri. Katika mkusanyo wa maswali uliohifadhiwa kwa jina la Aristotle, ambao wataalamu wengi wanaamini ni kazi ya wafuasi wake, limeulizwa swali hili: mbona joto la jua huleta chafya na joto la moto haliileti? Jibu lililotolewa lilihusu unyevu wa puani, kwamba jua huuyeyusha na moto huukausha. Karne nyingi baadaye Mwingereza Francis Bacon, katika kitabu chake Sylva Sylvarum kilichotoka 1627, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alilipinga. Ukielekeza pua juani huku umefumba macho, alisema, chafya haiji. Kumbe njia ni jicho, si pua. Hapo alipatia, kisha naye akateleza: akasema macho yakilengwa na machozi, unyevu wa ubongo huteremka mpaka puani. Siku hizi madaktari wanautazama zaidi mshipa wa fahamu wa tano wa kichwa, unaobeba hisia za uso na pua, wakidhani kwamba ishara za mwanga zinauchokoza kwa makosa. Watafiti wa Zurich waliochapisha kazi yao mwaka 2010 wakaongeza kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona husisimka zaidi kwa watu hawa kuliko kwa wengine. Maelezo ya sababu yamebadilika mara baada ya mara, na bado hayajatulia. Kilichobaki pale pale kwa zaidi ya miaka elfu mbili ni neno la wenye pua zao: tukitazama jua tunapiga chafya. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya asilimia 18 na 35 ya watu, na hali hii hurithiwa; mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi kama nusu ya kuipata.

Mwaka huo huo wa 2010 kulitokea jambo jingine ambalo wanafalsafa wangepaswa kulishangilia kuliko wanabiolojia. Kampuni ya Marekani ya vipimo vya vinasaba, 23andMe, iliwauliza maelfu ya wateja wake kama mwanga mkali huwapigisha chafya. Hakuna aliyewekwa chini ya taa akahesabiwa chafya zake. Walijaza dodoso tu. Majibu yao yalipolinganishwa na vinasaba vyao, yalikutana na alama mahususi, mojawapo ikiwa kwenye kromosomu ya pili. Maneno matupu, kama wangesema wenye dharau, yakaonyesha mahali ndani ya mwili ambapo msemaji mwenyewe hakuwahi kupaona. Kama ushahidi wa mtu juu ya hisia yake ungekuwa porojo, ulinganifu huo usingetokea.

Kuna watakaosema kwamba hisia hudanganya, na watamtaja mwanachuoni al-Ghazali, aliyeandika kwamba jicho huiona nyota ndogo kama dinari ilhali hesabu inathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Ni kweli, lakini tuangalie alichokitilia shaka. Hakukanusha kwamba jicho liliona kitu kidogo. Alikanusha kwamba nyota ni ndogo. Kuona kulitokea, hukumu juu ya nyota ndiyo iliyokosea. Mwanakemia John Dalton ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 1794 aliwaeleza wasomi wenzake wa Manchester kwamba ua ambalo wao waliliona la waridi, yeye mchana aliliona la samawati, na kwa mwanga wa mshumaa likageuka jekundu. Ndugu yake aliona kama yeye. Akahitimisha kwamba majimaji ya ndani ya macho yake yana rangi ya samawati, akaagiza yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 daktari aliyachunguza, akayakuta maangavu, hayana rangi ya samawati. Basi alikosea kwa nusu karne kuhusu sababu, lakini kuhusu alichokiona hakukosea hata siku moja: mwaka 1995 vinasaba vilivyotolewa kwenye mabaki ya macho hayo vilionyesha kwamba alikosa chembe zinazopokea mwanga wa kijani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la udanganyifu na deko. Wapo wanaojisingizia, hilo sibishi. Ila madai ya hisia yanaweza kupimwa bila kuingia ndani ya mwili wa mtu: tunatazama kama anasema lile lile leo na mwakani, kama nduguze wanayo, kama hali ikibadilishwa bila yeye kujua jibu hubadilika. Mwaka 1931 Arthur Fox, mwanakemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa akimimina unga fulani ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu. Fox hakuonja chochote. Angeweza kumwambia mwenzake aache deko, kazi iendelee. Badala yake alitafuta watu wengine akawaonjesha, na ikadhihirika kwamba wanadamu wamegawanyika katika hilo kwa kurithi. Tofauti haikuifuta kweli, wala haikumfanya kila mtu aishi katika dunia yake. Unga ulikuwa mmoja. Ndimi ndizo mbili. Kinachonikera ni shaka inayoanzia kwenye ulimi wangu mimi, eti kwa kuwa sikuonja basi hakuna ladha. Huo si uchunguzi.

Kwetu kuna kosa la upande wa pili pia. Mtoto akiziba masikio na kupiga mayowe spika inapowashwa, wapo watakaosema ana pepo. Hao hawakani kwamba ameumia. Wanaikimbilia sababu kabla ya kuulizana. Daktari Leo Kanner, alipoeleza usonji mwaka 1943, aliandika jinsi watoto wale walivyotishwa na kelele za vitu vya kawaida vya nyumbani. Ilipita miaka 70 ndipo mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili ukaiweka hali ya kusikia au kuhisi kupita kiasi wazi miongoni mwa vigezo vya usonji. Muda wote huo wazazi walikuwa wakisema.

Dini, ambazo watu huzidhania ngumu katika mambo haya, zimetangulia. Katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim imepokewa habari ya Muawiya bin al-Hakam, aliyemwombea rehema mtu aliyepiga chafya katikati ya swala ya jamaa. Watu wakamkodolea macho. Baada ya swala Mtume akamfundisha kwa upole kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya swala. Aliyerekebishwa ni aliyesema kwa hiari, si aliyepiga chafya, kwa sababu chafya haikuombwa ruhusa. Imepokewa pia kwamba Mtume aliwaamuru maimamu wafupishe, kwa kuwa nyuma yao kuna wadhaifu, wagonjwa na wenye haja zao. Imamu hakupewa kazi ya kuwapima wagonjwa kwanza ili ajue nani anasingizia. Inatosha kwamba huenda wapo.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia misikiti na makanisa yetu, ambako siku hizi spika hufungwa mpaka vioo vikatetemeka. Anayekuja kuwaambia kwamba sauti ile inamuumiza, au taa zile zinamtoa machozi, msimpeleke kwanza kwa daktari alete cheti. Punguzeni sauti, mtengeeni pembe yenye utulivu, halafu mkitaka kujua sababu, muulizeni.