Sadaka au Haki ya Maskini?

Katika nchi ya Ufaransa ilitolewa sheria mwaka 2016: duka la vyakula lipitalo meta za mraba 400 lisiharibu chakula kilichosalia, kama chafaa kuliwa, bali lifanye mapatano na vyama vya kuwasaidia maskini. Zamani wenye maduka wengine walikimwagia klorini pipani, mtu asiokote. Tena atoaye hupunguziwa kodi. Je, hiyo ni sadaka? Moyo wangu wasita. Lakini Boazi naye alikuwa chini ya amri ya Walawi 19. Pembe za shamba lake hazikuwa zake kuzivuna. Walakini alimkaribisha Ruthu kula pamoja na wavunaji, akawaagiza vijana wamchomolee masuke katika miganda. Hayo torati haikumwamuru.