Radi, Kompyuta na Mzigo wa Lawama

Radi inapopiga nguzo za umeme au karibu nazo, msukumo wa maelfu ya volti hukimbia ndani ya nyaya na kuingia majumbani kupitia mita na soketi. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na pawasaplai ya kompyuta ya mezani huushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 kwa ajili ya vipuri vya ndani. Kwa vipuri hivyo msukumo wa radi ni maangamizi, hata ukidumu kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa, ambako mvua za Novemba hadi Aprili huja na ngurumo, kompyuta kuungua si habari ngeni. Fundi akishaeleza jinsi ilivyoungua, hubaki swali lisilo la ufundi: kwa nini ya huyu, na nani abebe lawama?

Jibu moja husema radi ilitumwa na mtu. Ni kosa kudhani kwamba jibu hili hufutwa na somo la fizikia. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya watu wa kabila la Wazande, alionyesha kwamba ghala lilipoanguka, watu hao walijua fika kuwa mchwa ndio waliokula nguzo zake. Walichouliza ni kwa nini ghala lilianguka saa ileile watu fulani walipokuwa wamekaa chini yake. Vivyo hivyo, anayeamini radi ya kutumwa anaweza kukubali kila neno la fundi na bado akamtazama jirani yake kwa jicho baya. Lakini kwa upande wa kompyuta, swali la kwa nini huyu mara nyingi lina jibu ndani ya nyumba yenyewe: plagi iliachwa kwenye soketi, au nyumba haina waya wa ethi uliofika ardhini. Tena jibu la kutumwa lina gharama. Sheria ya uchawi, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na si bila sababu: tuhuma hiyo huweza kumdhuru asiye na hatia.

Jibu la pili ni kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Lina heshima yake: sura ya 13 ya Kurani inaitwa Radi, na Zaburi ya 29 inaisikia sauti ya Bwana katika ngurumo. Ugumu huanza pale linapogeuzwa kuwa sababu ya kutojikinga. Benjamin Franklin alipoeneza vyuma vya kukinga radi katika miaka ya 1750, mchungaji Thomas Prince wa Boston alihofu kwamba vyuma hivyo, kwa kuushusha umeme ardhini, ndivyo vilivyoleta tetemeko la mwaka 1755. Hofu hiyo inachekesha leo, ingawa anayesema kuchomoa plagi ni kukosa imani hayuko mbali nayo. Dini zenyewe hazimuungi mkono. Katika Injili, Yesu anakataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu kwa tumaini la kudakwa na malaika. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mwenye ngamia anaagizwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Lawama basi humwangukia aliyeweza kuzuia, na kwa kadiri ya uwezo wake. Kuzima swichi hakutoshi, maana radi huruka pengo dogo la swichi. Plagi huchomolewa, na waya wa intaneti au wa antena pia, kabla mvua haijafika. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, nyaya zisiguswe: uhai ni mkubwa kuliko mashine. Kifaa cha kukinga msukumo huutupa kwenye ethi, kwa hiyo pasipo ethi kinga hiyo hupungua sana. Hapa mpangaji wa chumba kimoja hawezi kulaumiwa sawa na mwenye nyumba aliyebana gharama, wala na fundi aliyeunganisha nyaya huku akijua ethi haipo. Hata umeme unapokatika tu, ni vyema plagi ichomolewe, na isirudishwe hadi kitambo kidogo baada ya umeme kurudi, kwa kuwa hurudi ukiyumba.

Mzigo mzito zaidi ni wa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na vyuo kama MUST jijini Mbeya au Mkwawa mjini Iringa. Kompyuta yake imehifadhi tasnifu za wanafunzi, barua za maombi ya kazi, hata mikataba ya viwanja. Hiyo ni amana, na amana hudai uangalizi ambao mali binafsi haidai: nakala ya pili kwenye diski isiyochomekwa, na plagi kuchomolewa kila jioni. Akiiacha kwenye soketi huku mawingu yametanda, akafunga duka na kwenda zake, ana deni kwa wenye kazi hizo, na hawezi kulihamishia mbinguni wala kwa jirani.