Hezekia, Barzilai na Kidonge cha Lehemu

Zamani mzee wa Bukoba au Muleba alikwenda hospitali akiumwa. Alitibiwa, akarudi kwenye kibanja chake. Siku hizi anakwenda haumwi. Anapimwa presha, anatolewa damu, na anarudi na habari kwamba lehemu imepanda na kwamba kipo kidonge cha kumeza kila siku, pengine mpaka mwisho wa maisha. Nyumbani maneno yanaanza. Mtoto aliyeko Mwanza anapiga simu kusisitiza dawa inywewe. Jirani anasema lehemu ni ugonjwa wa wenye magari. Mzee mwenyewe ananyamaza, kisha anauliza: "Kwa umri huu, nazuia nini?"

Tunaliheshimu swali hilo. Si la mtu aliyechoka tu, wala si la mtu asiye na imani. Ni swali la mtu anayejua kwamba atakufa na anataka kutumia vema siku zilizobaki.

Kwanza tuelewe dawa yenyewe. Lehemu ni aina ya mafuta ambayo ini letu hutengeneza na mwili unayahitaji. Ikizidi hujishika kwenye kuta za mishipa ya damu, ikaiziba polepole, na mwisho wake waweza kuwa shambulio la moyo au kiharusi. Dawa za kundi la statini hupunguza kazi hiyo ya ini. Ya kwanza ilipatikana kutokana na ukungu, kwa juhudi za Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusu wagonjwa wa moyo 4,444: kwa miaka mitano hivi, vifo kati ya waliokunywa dawa vilipungua kwa asilimia 30. Kwa hiyo mzee aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, ana sababu nzito ya kunywa.

Lakini mzee wa miaka 78 ambaye moyo wake haujawahi kumsumbua yuko mahali pengine. Mwaka 2022 jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya magonjwa lilisema kwamba, kwa watu wa miaka 76 na zaidi wasio na historia ya magonjwa hayo, ushahidi hautoshi kusema waanze au wasianze. Basi mzee anayesita asiitwe mkaidi. Hata mabingwa wamesita.

Kagera tuna sababu yetu ya kulifikiri jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Tulizika vijana, na mabibi wakawa mama kwa mara ya pili. Leo wapo ndugu zetu wanaoishi na virusi ambao, kwa neema ya Mungu na kwa dawa, wanaingia uzeeni. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa miaka 40 hadi 75, baadhi yao wakiwa majirani zetu wa Uganda. Statini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Aliyevuka mto ule mkubwa asizame kwenye kijito kwa kukosa kuuliza. Lakini amwambie daktari dawa zote anazotumia, maana baadhi ya statini hazipatani na baadhi ya dawa za virusi.

Maandiko yanatuonyesha watu wawili. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akalia, akaomba. Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikwisha kutolewa, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Dawa haikuidharau ahadi, wala ahadi haikuifukuza dawa. Lakini tusome mbele. Katika miaka ile ya nyongeza, Hezekia aliwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina zake zote. Na Manase, aliyeanza kutawala akiwa na miaka 12, alizaliwa humo humo, akawa mfalme mwovu kupindukia. Miaka kuongezwa ni jambo moja. Kuitumia ni jingine.

Mtu wa pili ni Barzilai Mgileadi. Alikuwa na miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika Yerusalemu akale mezani pake. Barzilai akashukuru, akakataa. Alisema ulimi wake hauonji tena ladha, masikio yake hayasikii vema waimbaji, na kwamba angependa kufa karibu na kaburi la wazazi wake. Kisha akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumkemea. Alimbusu, akambariki.

Mungu hakumlaumu Hezekia kwa kuomba miaka, wala Daudi hakumlaumu Barzilai kwa kukataa wema wa mfalme. Wote wawili walisema kweli juu ya hali zao. Hilo ndilo tunalopaswa kulitafuta.

Wapo wasemao kwamba siku zetu zimehesabiwa, basi vidonge ni vya nini? Kweli zimehesabiwa, ila aliyezihesabu hakutupa daftari tulisome. Hatuachi taa ikiwaka karibu na nyasi kavu kwa kusema Mungu anajua siku ya moto. Mwaka 2011 umati wa watu ulisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao, na wengine hali zao zikawa mbaya. Kutoka hapo tunajifunza jambo moja: kuacha dawa kusifanywe kipimo cha imani.

Wapo pia wasemao kwamba kukataa dawa ni kujiua. Hapana. Anayekataa kidonge ambacho faida yake kwake ni ndogo au haijulikani anaukubali ubinadamu wake. Lakini apime sawasawa. Tunaogopa kifo, kumbe mara nyingi kinachokuja si kifo. Kiharusi chaweza kumlaza mtu miaka, na anayemgeuza kitandani ni mkamwana mwenye watoto wadogo. Mzee asiyejali nafsi yake na amjali huyo.

Upande wa pili kuna fedha. Kahawa huvunwa kwa msimu, kidonge humezwa kila siku. Kama dawa inanunuliwa kwa ada ya mjukuu, mzee ana haki ya kuuliza nani anamnunulia nani maisha. Na familia ina wajibu wa kumjibu bila kumfanya ajione mzigo.

Basi tunashauri hivi. Mzee amuulize daktari: nimekwisha kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi? Nina kisukari? Faida yake itaonekana baada ya muda gani, na misuli ikiuma nifanye nini? Kisha aketi na watu wake, aseme anachokitaka, nao wamsikilize mpaka mwisho. Akiamua kunywa, anywe kwa shukrani, bila kudhani amenunua miaka. Akiamua kutokunywa, au kuacha, amwambie daktari waziwazi, asifiche vidonge chini ya godoro. Na kwa vyovyote apunguze mafuta na chumvi, aache sigara, aende shambani kwa miguu yake maadamu inambeba.

Sisi tulio pembeni tuna kazi ngumu zaidi: kutomhukumu. Katika usharika mmoja watakuwapo akina Hezekia na akina Barzilai, wakikaa benchi moja. Mmoja anaomba miaka, mwingine anaomba kuzikwa karibu na wazazi wake. Bwana anawasikia wote wawili, nasi tuwasikilize.