Kina Kilichoongezwa: Suala la Uaminifu katika Matoleo Mapya ya Michezo ya Kale ya Sega

Anayetoa upya kazi ya mtu mwingine ana haki ya kuongeza nini ndani yake? Aghalabu wahakiki wa Kiswahili hulijadili swali hili wanapozungumzia miswada ya tenzi na jinsi ilivyohaririwa. Katika makala haya tunanuia kulichunguza katika uwanja ambao idara zetu za fasihi hazijaushughulikia sana, yaani michezo ya video. Hatukuuchagua kwa sababu ya upya wake. Tumeuchagua kwa kuwa nyongeza tutakayoijadili inaweza kupimwa kwa macho, na kwa kuwa msomaji wa kazi hiyo alipewa uwezo wa kuikubali au kuikataa, jambo ambalo msomaji wa utenzi uliohaririwa hapewi kwa nadra tu, bali karibu hapewi kabisa.

Mfano wetu ni msururu wa matoleo ambayo kampuni ya Sega ya Japani ilianza kuyauza mwishoni mwa mwaka wa 2012. Yalikusudiwa Nintendo 3DS, kifaa cha mkononi kilichoingia sokoni nchini humo Februari 2011. Ufundi wenyewe ulifanywa na M2, kampuni ya Kijapani inayosifika kwa kuhamisha michezo ya zamani kutoka mashine moja hadi nyingine. Miongoni mwa kazi zilizotolewa upya ni Space Harrier (1985), OutRun (1986) na After Burner II (1987), ambazo zote zinahusishwa na mbunifu mmoja, Yu Suzuki. Skrini ya juu ya 3DS hupeleka picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa jicho la kulia na nyingine kwa la kushoto, pasipo miwani yoyote. Akili huziunganisha ikaona kina. Kanuni hii ya macho si ngeni. Charles Wheatstone aliieleza huko Uingereza mwaka wa 1838.

Pingamizi linalojitokeza mara moja ni kwamba aliyecheza Space Harrier katika ukumbi wa michezo mwaka wa 1985 aliiona kwenye kioo bapa. Iwapo hivyo ndivyo, kina hiki ni pambo la mfanyabiashara, na kazi tunayouziwa si ile iliyotungwa. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachukulia kwamba tunajua tayari ni kipi kilichokuwamo ndani ya kazi ya awali. Hilo ndilo hasa linalohitaji kuthibitishwa.

Mashine za Sega za wakati huo hazikuchora maumbo ya pande tatu. Zilichukua picha bapa ya mti, nguzo au adui, zikaikuza au kuipunguza kwa kasi kubwa kulingana na umbali uliodhaniwa kati yake na mchezaji. Kwa hivyo umbali ulikuwamo katika hesabu za mashine tangu mwanzo; kilichokosekana ni njia ya kuufikisha kwenye macho mawili. Hapa kazi ya M2 inafanana na ya mhariri anayesoma utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika maandishi ya kawaida hati hizo hazitenganishi bayana irabu e na i, wala o na u. Mhariri anapoandika o kwa hati za Kirumi, hamwongezei mshairi sauti ambayo hakuitamka. Anadhihirisha kilichokuwamo kinywani na kikabanwa na karatasi. Anaweza kukosea, naam, lakini kosa lake litakuwa la usomaji, si la utungaji.

Hali inabadilika tunapofika kwa Sonic the Hedgehog (1991), ambao pia umo katika msururu huu ijapokuwa haukuwa mchezo wa kumbini. Humo, milima na mawingu ni matabaka bapa yanayosogea kwa kasi tofauti nyuma ya mhusika. Tofauti hiyo ya kasi inadokeza kwamba kimoja kiko mbali kuliko kingine, basi. Haisemi ni mbali kiasi gani. Ilimpasa mtoaji mpya kuamua mwenyewe mlima uwekwe wapi. Hapo ameshaondoka katika usomaji, ameingia katika ufasiri. Hatusemi kwamba amekosa. Tunasema kwamba matendo haya mawili hayafai kupewa hukumu moja, na kwamba neno "uaminifu", jinsi linavyotumiwa katika matangazo ya bidhaa (na katika dibaji nyingi za diwani zetu), huyafunika yote mawili kwa shuka moja.

Kuna jambo jingine ambalo pingamizi tulilolitaja halilioni kabisa. Michezo hii haikuwa picha tu. Hang-On (1985) katika umbo lake kamili ulimtaka mchezaji apande pikipiki ya bandia na kuinamisha mwili ili apinde kona. Space Harrier ulikuwa na kiti kilichosukumwa na mota, kikiyumba kwa kufuata mkono wa mchezaji. Mwili mzima ulishiriki. Nelson Goodman, katika kitabu chake cha 1968 kuhusu lugha za sanaa, alitofautisha sanaa kama uchoraji, ambamo nakala hata iwe kamilifu namna gani si kazi yenyewe, na sanaa kama muziki, ambamo kila utendaji sahihi wa noti ni kazi yenyewe. Programu ya mchezo inanakiliwa bila hasara, kama noti. Kile kiti hakinakiliki hivyo. Mchezo wa kumbini basi umekaa pande zote mbili, na anayeuhamishia kiganjani hana budi kuupoteza upande mmoja.

Tunaamini kwamba hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kutetea kina kilichoongezwa. Utenzi ulioimbwa ukipigwa chapa hupoteza sauti, na mhariri mwangalifu hutafuta namna ya kuifidia, kwa mpangilio wa mishororo au kwa maelezo ya mahadhi. Vivyo hivyo, macho yanapewa kina kwa kuwa mwili umenyang'anywa mwendo. M2 walikwenda mbali zaidi: katika Space Harrier waliweka hali ambamo picha nzima huyumba kama kile kiti, ikisindikizwa na milio ya mashine yenyewe. Inachekesha kidogo kusikia mota isiyokuwapo. Hata hivyo kichekesho hicho ni cha kweli kuliko kimya, kwani kinamwarifu kijana ambaye hakuwahi kuingia ukumbini kwamba kulikuwa na kitu hapa.

OutRun unatuonyesha upande wa pili. Toleo jipya liliongeza nyimbo mbili ambazo hazikuwamo mwaka wa 1986, na likaenda kwa picha 60 kwa sekunde badala ya 30. Nyimbo hizo mchezaji anazichagua mwenyewe. Akitaka za kale, zipo. Lakini gari jekundu la awali, lililofanana waziwazi na Ferrari Testarossa, limebadilishwa umbo, kwa kuwa sura ya gari hilo ni mali ya kampuni nyingine. Badiliko hili halina swichi ya kulirudisha nyuma. Ni dogo, na wachezaji wengi hawakuligundua. Kwa mizani ya maadili, hata hivyo, linatutia wasiwasi kuliko kina chote kilichoongezwa. Nyongeza inayotangazwa humwacha mpokeaji huru. Upunguzaji usiotangazwa humfanya adhani ameona kilichokuwapo.

Hii ndiyo sababu tunaipa umuhimu swichi ndogo iliyo ubavuni mwa skrini ya 3DS. Mchezaji anaweza kuiteremsha hadi kina chote kitoweke, akaiona picha bapa ya 1985, kisha akaipandisha tena na kulinganisha. Wahariri wa Muyaka, kuanzia W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, hadi William Hichens mwaka wa 1940 na Mohamed Abdulaziz mwaka wa 1979, hawakuwa na chombo cha namna hii. Walikuwa na tanbihi, na msomaji mvivu huziruka.

Kwa bahati mbaya, swichi hiyo ina maana pale tu kifaa kinapopatikana. Nintendo iliacha kutengeneza 3DS mwaka wa 2020, na tarehe 27 Machi 2023 ikasitisha mauzo katika duka la mtandaoni ambamo michezo hii iliuzwa mmoja mmoja. Baadhi yake ilikusanywa katika kaseti zinazouzwa sasa mkono kwa mkono. Kuanzia 2018 M2 na Sega walitoa tena michezo kadhaa ya kale kwa ajili ya Nintendo Switch, ambayo skrini yake haina uwezo wa kuonyesha kina. Mhakiki anayetaka kuipinga hoja yetu kuhusu ile milima ya Sonic itambidi kwanza atafute kifaa kuukuu kinachofanya kazi, kwani picha yoyote ambayo tungeichapisha kando ya makala haya ingetoka bapa.